Anti, mwanangu anapepea mikono na maneno yamempotea, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni mama wa watoto wawili nakaa Mbagala, huyu wa pili wa kiume anatimiza miaka 3 mwezi ujao na ndo ananikosesha usingizi. Alitembea vizuri tu, akaanza kusema baba, maji, na nyau akiona paka, alafu kwenye mwaka na nusu hivi maneno yakaanza kupotea moja moja mpaka sasa hasemi kitu. Anaweza kukaa muda wote anazungusha mfuniko wa sufuria sakafuni, akifurahi anapepea mikono na kutembelea vidole, ukimwita hageuki ila ukifungua pakti ya biskuti hata kama yuko uani anakuja mbio. Mama mkwe anasema babake naye alichelewa kuongea nisiwe na haraka, jirani anasema kachezewa nimpeleke kwa mganga wake Mkuranga, mume wangu analaumu chanjo ya surua. Chekechea ya mtaani wamenirudishia eti anasumbua wenzake, na zahanati walimpima uzito wakasema mtoto mzima. Nianzie wapi, na hela yangu yenyewe ni ya kuuza vitumbua?
Mama Mwenye Mawazo, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Nianze na mama mkwe kwa heshima zote, maana kuchelewa kuongea kupo kweli, ila mtoto aliyekuwa na maneno yakampotea huyo hasubiriwi hata wiki. Hilo ndo la kwanza kumwambia daktari, kabla hata ya habari za mikono.

Unayoeleza yanafanana na usonji (autism), yaani ubongo wa mtoto kukua kwa namna tofauti inayogusa kuongea na kuchangamana na wenzake, lakini mimi siwezi kumpima mtoto kwa barua, na hata hospitali hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayosema huyu ana usonji, daktari anamwangalia mtoto anavyocheza na anakuhoji wewe, kwahiyo ushahidi unao wewe. Chukua simu umrekodi. Video fupi fupi tu, anapopepea mikono, anapozungusha huo mfuniko, unapomwita jina ukiwa nyuma yake, anapokula, anapokuwa na mwenzake. Maana watoto wana visa, ukimfikisha hospitali baada ya foleni ya asubuhi nzima kalala mgongoni, daktari anaona mtoto mpole unarudishwa nyumbani na panado.

Hiyo video ina kazi nyingine kubwa, kutenganisha na kifafa. Mikono ya usonji mara nyingi inakuja na furaha, kelele au kuboreka, na ukimgusa au ukimpa kitu kingine anaweza kuacha. Kifafa ukimshika hakikomi, macho yanaweza kuganda au kupinduka, na akimaliza anaweza kulegea au kulala. Vyote viwili vinaweza kukaa kwa mtoto mmoja, ndo maana usiamue mwenyewe. Na nyie wenye vichanga mnaosoma hapa, mtoto wa miezi michache akiwa anajikunja ghafla, kichwa kinadondoka mbele na mikono inatanuka, inajirudia mfululizo hasa akiamka, msiseme ni tumbo, inaweza kuwa kifafa, siku hiyo hiyo hospitali. Binti naye aliyekuwa anashika vitu akaacha, akabaki anasugua viganja tu kutwa, awahishwe.

Masikio yapimwe mapema. Hiyo ya biskuti inaonesha anasikia, sawa, ila mtoto anaweza kusikia sauti fulani na nyingine zikampita.

Mume wako hayuko peke yake kwenye hilo la chanjo. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika kwenye jarida la The Lancet akihusisha chanjo ya surua na usonji, ikaja kugundulika utafiti wenyewe umechakachuliwa, 2010 jarida likaifuta ile makala na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Kinachochanganya wazazi ni muda. Hapa kwetu chanjo ya surua-rubela inatolewa miezi 9 na miezi 18, na dalili nyingi za usonji ndo zinaanza kuonekana wazi umri huo huo, kwahiyo lazima uone kama vimeletana.

Mganga wa Mkuranga muache, hela ya vitumbua ina kazi. Akitokea na wa kukwambia ulimi umefungwa ukakatwe, au anauza dawa ya kuponya usonji, naye mpite tu, dawa hiyo haipo. Ulimi haumzuii mtoto kugeuka akiitwa.

Sasa njia. Anzia hospitali ya Rangi Tatu na kadi ya kliniki mkononi, sema wazi unataka rufaa kwa daktari wa watoto, Temeke au Muhimbili, usikubali kupimwa uzito tu ukarudishwa. Utaulizwa kama alichelewa kulia alipozaliwa, kama aliwahi kupata degedege au malaria ya kupanda kichwani, hawakulaumu, ni vitu vinavyoweza kuathiri ubongo. CCBRT pale Msasani nao wana huduma za utengemao, yaani mazoezi na tiba za kumsaidia mtoto amudu shughuli zake, waulizie.

Usikae kusubiri tarehe ya rufaa bila kufanya kitu. Kaa chini sakafuni uso kwa uso naye, zungusha na wewe mfuniko wako, akikuangalia hata kidogo umeshaingia kwenye mchezo wake. Biskuti usimpe tu, ishike karibu na macho yako, sema "biskuti", nyamaza kidogo umpe nafasi, akikuangalia au akitoa sauti yoyote mpe hapo hapo. Neno moja moja, sio hotuba. Katuni za simu punguza. Mikono yake usiifunge wala kuichapa, kwa wengi ndo njia ya kujituliza, wewe mzuie pale anapojiumiza tu.

Chekechea wala usigombane nao saa hizi. Akikua, zipo shule za msingi za serikali zenye kitengo cha watoto wenye usonji, Msimbazi Mseto ya Ilala ni mojawapo, na karatasi ya daktari itakusaidia kumuombea nafasi.

Kuhusu hela, kwa sera watoto wa chini ya miaka 5 wana msamaha kwenye hospitali za serikali. Najua utakutana na dirisha litakaloshupaa ulipie, ukifika hapo usirudi nyumbani, ulizia ofisi ya Ustawi wa Jamii humo humo hospitalini, na uende hajafikisha hiyo mitano.