Muulize Mwalimu: Kabaila aliyemzuia Sultani Suleiman

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nyumbani tunafuatilia tamthilia ya Kituruki ya Sultani Suleiman. Kaka yangu anasema sultani alifia mbele ya ngome ya kabaila mmoja wa Ulaya, na kabaila naye akauawa, ngome ikatekwa. Ni nani huyo? Na kwa nini asifiwe mtu aliyeshindwa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako kasema kweli. Huyo ni Nikola Zrinski, kabaila wa Kroatia aliyezaliwa karibu mwaka 1508, na ngome yenyewe ni Szigetvár, kusini mwa Hungaria.

Nakuomba usianzie kwenye kifo chake. Jeshi la Hungaria lilipovunjwa na Waosmani, yaani dola ya Kituruki ya Suleiman, huko Mohács mwaka 1526, ardhi za ukoo wake zilijikuta mpakani. Kabaila wa huko hakuwa na hiari: awe jemadari, au mashamba yaende na wakulima wachukuliwe mateka. Mwaka 1542 alifanywa gavana wa Kroatia, cheo walichokiita ban, akakishika hadi 1556. Mfalme Ferdinand wa Hungaria na Kroatia alimpa ngome na ardhi za Čakovec mwaka 1546 kufidia gharama za kulinda mpaka. Ndivyo alivyotajirika, kwa vita hivyo hivyo.

Na alikuwa mkali. Mwaka 1539 yeye na ndugu yake Ivan walimuua Johann Katzianer, jemadari aliyetoroka kifungo Vienna na kukimbilia kwao, katika ngome yao ya Kostajnica. Katzianer alishukiwa kutaka kujiunga na Waosmani. Hata kama shaka hiyo ilikuwa ya kweli, mimi siwezi kulipamba tendo hilo. Yule alikuwa mgeni wao.

Sasa tuje 1566. Suleiman, mzee wa miaka zaidi ya 70, mgonjwa, aliongoza mwenyewe jeshi kubwa mno kutoka Istanbul. Ndani ya Szigetvár Zrinski alikuwa na askari wapatao 2,300, Wakroatia na Wahungaria. Ngome ilizungukwa na kinamasi, na sehemu zake tatu ziliungana kwa madaraja. Mzingiro ulianza mwanzoni mwa Agosti. Mji mpya ukaanguka, kisha mji wa kale, wakabaki kwenye boma la ndani. Muda wote huo Kaisari Maximilian, mtawala ambaye Zrinski alimtumikia, alikuwa na jeshi lake katika mji wa Győr, Hungaria, na hakuja kumwokoa. Kila nikisoma habari hizi, hapo ndipo roho inaponiuma.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba, Suleiman akafariki hemani. Waziri mkuu, Sokollu Mehmed Pasha, akaificha habari ile, na jeshi likaendelea kupigana bila kujua. Zrinski naye hakujua. Hazikupita siku mbili, boma likiwaka moto, akafungua lango na kutoka na watu wake waliosalia.

Tunayajua ya ndani kwa sababu mtumishi wake, Ferenac Črnko, alinusurika akayaandika kwa Kikroatia. Anasimulia kwamba bwana wake alikataa deraya, akavaa nguo zake nzuri, akatia mfukoni sarafu za dhahabu ili atakayemuua asikose kitu. Alipigwa risasi akafa. Kichwa chake kikakatwa, na baadaye kikapelekwa upande wa Kaisari.

Umeuliza kwa nini asifiwe. Hesabu mwezi mzima wa Agosti, kisha uongeze wiki ya Septemba. Jeshi lililotoka Istanbul kuelekea ndani ya Ulaya lilimaliza majira yake ya vita kwenye ngome moja ya kinamasini, likapoteza maelfu ya watu, likarudi na maiti ya sultani wake. Vienna haikuguswa mwaka ule. Szigetvár yenyewe ilibaki mikononi mwa Waosmani hadi 1689.

Mwambie na kaka yako: Wakroatia humwita Nikola Šubić Zrinski, Wahungaria humwita Zrínyi Miklós, na kila upande humhesabu wake. Mimi naona wote wana haki, maana askari wa pande zote mbili walitoka naye kwenye lango lile.