Muulize Babu: Kwa nini Wahindi Wekundu hawaongei?

SWALI: Shikamoo babu. Mimi ni msomaji wako wa Makorora, Tanga. Baba anapenda sana sinema za zamani za makauboi, kila Ijumaa usiku lazima aweke moja. Juzi mdogo wangu wa darasa la tano akauliza kwa nini wale Wahindi Wekundu hawaongei, wanapiga mayowe tu kisha wanakufa. Baba akamwambia anyamaze, hiyo ni sinema. Lakini swali limenikaa. Ndivyo walivyo kweli?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Huyo mdogo wako mpe salamu zangu za pekee, maana ameona jambo ambalo mimi kwa umri wake sikuliona.

Nimekulia Ngamiani. Mjomba wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye sinema moja hapa mjini, na mimi ndiye niliyembebea mikebe ya filamu kutoka stesheni ya reli. Mikebe ya bati, mizito, mshikio wake unakata vidole. Ujira wangu ulikuwa kuingia bure. Steringi akifyatua bastola, adui akaporomoka kutoka juu ya farasi, ukumbi mzima tunapiga miluzi. Mimi nilipiga kuliko wote, na leo inaniuma.

Hapana, sivyo walivyo. Hao ni wenyeji wa Marekani, makabila mamia, kila moja na lugha yake. Sinema iliwanyang'anya lugha hizo, na mwenyeji mwenye jina na maneno mara nyingi aliigizwa na mzungu. Mwaka 1962 Geronimo, shujaa wa Waapache, aliigizwa na Chuck Connors, mwenye macho ya buluu! Kwenye The Searchers ya 1956, chifu wa Wakomanche ni Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani.

Wenyeji wenyewe walikuwepo, ila nyuma yake, juu ya farasi. Mwongozaji wa sinema hiyo, John Ford, alipenda kupiga picha Monument Valley, kwenye ardhi ya Wanavajo. Basi Wanavajo wakavishwa, leo ni Wakomanche, kesho Wacheyenne, na wakitakiwa kusema neno wanasema Kinavajo chao kilekile. Sasa chukulia mtu amekuja Mkinga, amewachukua Wadigo, kawafunga rubega, wakaongea Kidigo mbele ya kamera, na dunia ikaambiwa hao ndio Wamasai. Mdigo atacheka, Mmasai atakasirika, mtazamaji wa Chicago hatajua lolote. Sisi wa Ngamiani ndio tuliokuwa watazamaji wasiojua lolote.

Wengine nao yaliwakuta. Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles mwenye asili ya China, alikuwa nyota tayari ilipotengenezwa The Good Earth ya 1937, hadithi ya wakulima wa Kichina. Mume akapewa mzungu, Paul Muni. Kanuni za maadili za Hollywood za wakati ule hazikutaka mapenzi ya watu wa rangi tofauti, hivyo mke naye akawa mzungu, Luise Rainer, aliyepakwa rangi usoni. Rainer akashinda Oscar kwa nafasi hiyo.

Kwa mdogo wako tafuteni Smoke Signals ya 1998. Mwongozaji ni Chris Eyre, mwenye asili ya Wacheyenne na Waarapaho. Vijana wawili wanapanda basi hadi Arizona kuchukua majivu ya marehemu baba wa mmoja wao. Na wanaongea, mjukuu wangu! Njia nzima wanabishana, wanakumbushana ya nyumbani, mpaka wanaimba wimbo kuhusu meno ya John Wayne, steringi wa ile The Searchers. Kuna ulevi na ugomvi wa wazazi humo ndani, kwa hiyo baba asiondoke sebuleni. Mtoto akiuliza, safari hii ajibiwe.