Jibu: Goti la mdogo wako, nani aseme arudi uwanjani

Pole kwa mdogo wako, ndugu. Umeuliza kama, miezi 6 baada ya upasuaji wa ACL (kano ya ndani ya goti), amfuate kocha anayemwita mazoezini au mtaalamu wa fiziotherapia anayemzuia. Mechi asicheze. Uvimbe na maumivu huisha mapema, mchezaji akajiona mzima, kumbe kano mpya bado haijakomaa. Tafiti zinaonyesha wanaorudi kabla ya miezi 9 huumia tena kwa wingi zaidi.

Ila kocha naye asiwekwe pembeni. Mimi ni kocha wa viungo, na niliwahi kuletewa kijana mwenye karatasi iliyoandikwa "amepona". Nikamwambia aruke kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo. Mguu mzima ulivuka mstari niliouchora kwa chokaa. Ule wa upasuaji uliishia hatua nzima nyuma, na kila akitua goti linaingia ndani. Nilimpigia simu mtu wake wa fiziotherapia palepale. Tukapanga pamoja: yeye nguvu za paja na namna ya kutua, mimi mbio za mstari mnyoofu, kisha kukata kona, kukaba mwishoni.

Waombe hao wawili wakutane na mdogo wako akiwepo, na daktari aliyempasua aulizwe. Wakubaliane vipimo: nguvu na mruko wa mguu ulioumia vifike angalau asilimia 90 ya ule mwingine. Na muulizeni mwenyewe kama bado analiogopa goti lake.