Nilivyoanza kuuhesabu uongo wangu

"Niko njiani." Nilikuwa bado nimeketi kitandani, viatu sijavaa, nikamtumia mtu ujumbe huo bila hata kufikiri. Ndivyo nilivyoishi miaka mingi. "Nilikupigia hukupatikana." "Ujumbe wako ndio nauona sasa." "Kazi nimeshamaliza, nakutumia baadaye kidogo." Sikumtapeli mtu wala kumwibia, basi dhamiri yangu ikalala usingizi.

Iliamka siku nilipougua kweli. Nilimwandikia mwenzangu wa kazini kwamba homa imenizidi, siwezi kuja. Akajibu, "Sawa." Neno moja tu, na nikajua hakuniamini. Wala sikuwa na haki ya kumlaumu.

Nikafanya kile ambacho waumini wengi tunakimbilia: nadhiri kubwa. Nilifunga siku tatu, nikakesha nikiomba, nikalia, nikamwahidi Mungu kwamba sitasema uongo tena maishani mwangu. Ilikuwa Jumapili. Jumatano nikaanguka. Kuanguka kwenyewe hakukuniumiza kama kilichofuata: niliona aibu kuomba. Ningesimamaje mbele zake na nadhiri haijatimiza hata wiki? Nikaacha kuomba siku mbili, tatu, kisha kumi, na katika siku hizo uongo ukazidi. Ukiuchunguza mzunguko huu utaona kwamba aibu ndiyo inayoulisha. Mtume Paulo mwenyewe aliwaandikia Warumi kwamba jema analolipenda halitendi, na baya asilolipenda ndilo analolitenda, lakini hakuacha kuomba kwa sababu hiyo.

Kilichonisaidia ni zoezi la zamani sana. Ignatius wa Loyola, padre Mkatoliki aliyeishi kati ya mwaka 1491 na 1556, alifundisha mtu achague kosa moja tu, si yote. Asubuhi anakusudia kujilinda nalo. Kila akianguka anaweka mkono kifuani kwa majuto, hata akiwa mbele za watu, maana hakuna atakayeng'amua. Mchana na jioni anajihoji, anaweka nukta kwenye mstari kwa kila anguko, kisha analinganisha siku na siku, juma na juma.

Nikachukua daftari. Nilitazamia nukta mbili au tatu. Siku ya kwanza zilikuwa tisa.

Baada ya majuma mawili nikaona jambo ambalo kilio cha mkesha hakikuwahi kunionyesha. Karibu nukta zote zilitoka mahali pamoja: sikuweza kuvumilia mtu anikasirikie. Sikudanganya ili nipate kitu, nilidanganya ili nisiudhi. Basi hata maombi yangu yakabadilika. Niliacha kusema "Bwana, nizuie nisidanganye," nikaanza kusema "Bwana, nipe moyo wa kustahimili hasira ya mtu ninayestahili anikasirikie." Ndugu yangu, ukitaka kuomba vizuri juu ya tabia mbaya, kwanza ujue inakulinda na nini.

Rafiki yangu Mwislamu alipolisikia zoezi hili aliniambia kwamba kwao linaitwa muhasaba, yaani kuihesabia nafsi. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara: asubuhi unawekeana naye masharti, mchana unamchunga, jioni mnakaa kufanya hesabu. Mfano huo naupenda kwa sababu hakuna mfanyabiashara anayefunga duka kwa hasara ya siku moja.

Nikaongeza sharti moja, nililolipata kwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka. Yeye hakuishia kujuta. Alisema atawarudishia aliowadhulumu mara nne. Mimi nikajiwekea kwamba kila uongo niutengue kwa mtu yuleyule kabla sijalala: "Nilikwambia niko njiani. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijatoka nyumbani. Nisamehe." Hakuna mfungo ulionitoa jasho kama maneno hayo. Wengine walishangaa, mmoja alikasirika sana. Lakini ulimi ukijua kwamba kila deni lake litalipwa jioni ileile, unaanza kusita.

Usijipangie siku za kupona. Watafiti wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 waliojijengea tabia mpya. Kwa kawaida ilichukua kama siku 66 tabia kuzoeleka, lakini tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Tena waligundua kwamba kuruka siku moja hakuharibu kazi yote. Laiti ningalijua hilo Jumatano ile.

Kama tabia yako ni pombe ya kila siku, tafadhali muone daktari pamoja na kuomba. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege, na watu hufa. Kumwendea tabibu si upungufu wa imani.

Daftari langu sasa ni la nne. Jana nilikuwa na nukta moja: mtu aliniuliza kama nimeisoma kazi yake, nikasema ndiyo, nzuri. Saa tatu usiku nikampigia, nikamwambia sijaifungua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi isome kesho, uniambie ukweli."