Kwanza mrudishe saa ya kuingia shule, zebra mtachora baadaye

Mmeuliza wiki hii, kama ungepewa nafasi ubadilishe kitu kimoja tu ili watoto wanaoenda shule kwa miguu wasigongwe na magari, ungebadilisha nini. Najua wengi watasema matuta, zebra krosi, polisi wa trafiki, daraja la kupita juu. Vyote vizuri na sikatai. Lakini mimi nasema ni saa. Watoto waache kutolewa nyumbani usiku.

Mimi ni fundi wa nguo, nashona yunifomu, na kibanda changu kiko kando ya hii lami ya kutoka Kakamega kwenda Webuye, upande wa Malava. Nafungua mapema juu stima inakuanga na nguvu kabla kisiagi cha jirani kiwashwe, kwa hivyo naona wote wakipita. Saa kumi na moja na nusu wa gredi ya tano na ya sita washaanza, wengine wamemshika mdogo wao wa PP2, yaani wa chekechea, mkono, begi linamfika magotini, na nje ni giza totoro. Wanakimbia juu mwenye kuchelewa atapiga magoti kwa geti. Ati lazima wawe darasani saa kumi na mbili na nusu.

Hiyo saa imetoka wapi? Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinasema shule ya kutwa masomo ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu mchana. Saa mbili! Haya mengine ni ya kushindana, shule hii ikianza kudurusu saa moja, jirani yake inaanza kabla ya hapo, na mzazi naye anaona hiyo ya mapema ndiyo shule ya maana.

Na kuna jambo watu hawafikirii, huku magharibi jua linachelewa. Mtu wa Mombasa analiona kama dakika ishirini kabla yetu na saa za ukutani ni zile zile. Mwezi wa kwanza na wa pili ndio mbaya kabisa, jua halitokezi kwetu mpaka saa moja kasorobo hivi, na huo ndio muhula wa kwanza, wakati watoto wapya wa PP1 ndio wanajifunza njia. Yaani tunawafundisha kuvuka barabara wakati hakuna mtu anaona mwingine.

Sasa weka trela za miwa hapo. Msomaji wa Nairobi labda hajui, wacha nieleze. Trakta inavuta trela moja au mbili, miwa imejaa mpaka inatokeza pande zote, taa za nyuma ama hazipo ama zimefunikwa na matope, na inatembea pole pole. Nyuma yake kuna matatu ya kwenda Kakamega inataka kuwahi abiria, inachomoka kupita, mbele kunakuja lori limewasha fulu, zile taa kali, na boda naye ameona afadhali apitie kando, pale pale kwa marami, ule udongo wa kando ya lami, ambapo watoto wanatembea. Dereva macho yameshapigwa na ile fulu haoni kitu, na mtoto amevaa sweta ya maruni au neviblu ambayo mimi mwenyewe nimemshonea. Gari la kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kwa sekunde moja, kabla hata mguu haujafika kwa breki. Na nani anaenda 50 hapa?

Sheria iko, hiyo si shida. Ndani ya senta, yaani mahali pa maduka, ni kilomita 50 kwa saa, na karibu na shule wakati watoto wanaingia au kutoka ni 30. Mtu akigongwa vijana wanafunga barabara, wanachoma magurudumu, kesho yake wanarundika tuta la mchanga wenyewe, halina rangi wala kibao, na wiki inayofuata ni boda anaangukia hapo na abiria. Ukienda kwa MCA, mwakilishi wetu wa wadi kwa kaunti, atakuitikia vizuri sana lakini hii barabara si ya kaunti, ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, barua ipelekwe huko na iandikwe na bodi ya shule. Andikeni. Tuta la kupimwa, lenye rangi, naliunga mkono kabisa. Lakini kubadilisha saa ya kengele hakuhitaji tenda wala kokoto, mwalimu mkuu akiamua leo, kesho watoto wanatembea mchana.

Najua jibu la wazazi wengine, kwamba wao wanatoka saa kumi na moja kwenda kibarua na mtoto hawezi kubaki peke yake. Hiyo ni ukweli na sina dawa yake yote. Huku kwetu kina mama kadhaa wameanza kupokezana, leo huyu anapeleka watoto wa boma zote nne, kesho yule, na hata kama ni mapema angalau kuna mtu mzima ana tochi. Kuliko kuwapakia mshikaki kwa boda, watatu nyuma na mmoja kwa tangi, wakati sheria inasema abiria mmoja.

Jioni ni hadithi nyingine na saa haisaidii. Wakitoka wanafukuza zile zile trela kunyofoa miwa, mwingine anadandia kabisa. Hapo nataka kiwanda cha sukari kilazimishwe kufunika mizigo kwa wavu, na dereva wa trakta asiongeze mwendo akiona watoto, juu wengine wanafanya hivyo kwa makusudi kuwaangusha. Nimewaona.

Upande wangu, tangu mwaka huu uanze kila sweta ninayoshona naweka utepe wa riflekta kwa mikono na mgongoni, ule wa jaketi za boda. Begi pia nikiletewa naweka. Shule moja ilinirudishia ati hiyo si yunifomu yao, rangi haikubaliani na beji, nikaubandua. Nyingine ilinyamaza tu, na sasa asubuhi unaona vimistari vinakuja kutoka mbali, hata dereva wa matatu mmoja aliniuliza hao ni watoto wa shule gani.

Mkutano wa wazazi ni mwisho wa mwezi na nimeomba niwekwe kwa ajenda. Wakiniambia gredi zitashuka nitawauliza walimu wanaokaa kwota za shule, wangapi kati yao wametembea hiyo barabara saa kumi na moja na nusu bila tochi.