Maswali ya Wasomaji: Umeme Mdogo kwa Anayesikia Sauti

SWALI: Salaam. Mwanangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Huu mwaka wa tatu anameza dawa, lakini sauti bado zinamtukana, hasa usiku. Nimesikia kwamba Ulaya wanazituliza kwa umeme mdogo wa kichwani. Fundi redio wa hapa anasema kifaa hicho anakiunda kwa betri ya volti 9. Nimruhusu? (Mama, Newala)

JIBU: Shikamoo, mama. Usimruhusu, hata akiwa fundi hodari. Ngozi kavu huzuia umeme, ngozi iliyolowa huupitisha kwa wingi, na betri haina namna ya kulitambua hilo, kwa hiyo mkondo hupanda na kushuka ovyo. Mashine ya tiba hupima mguso muda wote na kushikilia miliampia 2 tu (miliampia ni kipimo cha mkondo wa umeme). Huanza pole pole, kwa sekunde 30 hivi, kisha hushuka vivyo hivyo mwishoni.

Tiba unayoisikia ipo. Mwaka 2012 Jerome Brunelin na wenzake wa Lyon, Ufaransa, walichapisha utafiti wa wagonjwa 30 ambao dawa hazikuwaondolea sauti. Walipewa miliampia 2 kwa dakika 20, mara mbili kwa siku, siku 5 mfululizo. Nusu yao walivishwa vifaa hivyo hivyo lakini bila tiba ya kweli. Kwa waliopata umeme halisi, sauti zilipungua kwa wastani wa asilimia 31, na nafuu iliendelea kuonekana hadi miezi 3. Tafiti zilizofuata zimepishana: baadhi ziliona nafuu, nyingine hazikuona tofauti yoyote. Tena wagonjwa wale hawakuachishwa dawa. Atakayekwambia umeme huu unachukua nafasi ya vidonge anakupotosha.

Siku mwanao akiipata, simama karibu uangalie. Huwekwa sponji mbili, aghalabu sentimita 7 kwa 5. Ya upande hasi hukaa juu kidogo na nyuma ya sikio la kushoto; ya upande chanya hukaa sehemu ya mbele ya kichwa, kushoto, karibu na nywele zinapoanzia. Nyuma ya sikio ndipo ubongo unapochambua maneno, na kwa anayesikia sauti sehemu hiyo huchangamka ingawa hakuna aliyesema. Upande hasi unakusudiwa kuituliza. Nyaya zikigeuzwa, panachangamshwa pale pale palipotakiwa kutulia.

Mambo mengi huharibikia kwenye sponji. Hulowekwa kwa maji ya dripu yenye chumvi asilimia 0.9, kiasi cha mililita 12 kwa sponji. Ikikauka, umeme hujikusanya mahali padogo na ngozi huungua. Ikilowa mno, maji hutiririka mpaka sponji mbili zikaungana, na mkondo ukapita juu ya ngozi bila kuingia ndani. Jasho la joto letu la pwani hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo kichwa kifutwe kwanza. Maji ya kisima yasitumike, chumvi yake haijapimwa. Mafuta ya nazi yaoshwe na misuko ifumuliwe, kwani sponji lazima iguse ngozi.

Kuwashwa kidogo na wekundu ni kawaida. Maumivu ya kuchoma si kawaida: mashine izimwe hapo hapo. Mwenye kifafa, chuma kichwani, fuvu lililotobolewa kwa upasuaji au kifaa cha moyo aseme mapema. Mwenye mapunye au kidonda sponji zinapokaa angoje kipone.

SWALI: Je, huu ndio ule umeme wa kumfanya mgonjwa atetemeke? Kaka yangu anauogopa sana. (Kilwa)

JIBU: Sio. Ule ulianza Roma mwaka 1938, na kazi yake ni kuleta degedege fupi kwa makusudi. Mkondo wake hufika mamia ya miliampia. Siku hizi unatakiwa kufanywa kwa nusukaputi na dawa ya kulegeza misuli, mgonjwa akiwa hajala. Nao ni tiba halali, hasa kwa mgonjwa aliyeganda, asiyesema wala kula. Kwenye umeme mdogo kaka yako atakuwa macho, ameketi, anaongea nawe.

SWALI: Tuanzie wapi? Mume wangu anachomwa sindano ya kila mwezi. (Dada, Nachingwea)

JIBU: Anzeni na kadi yake ya kliniki. Wengi huhamia mashambani msimu wa korosho na tarehe ya sindano ikapita. Sauti zikirudi, lawama hubebeshwa dawa. Ikiwa ametumia dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi kamili na si chini ya wiki 6, na sauti zipo pale pale, muulizeni daktari wa afya ya akili wa Hospitali ya Sokoine, Lindi, au Ligula, Mtwara, kuhusu klozapini. Kwa hali hiyo ndiyo dawa yenye ushahidi mkubwa kuliko umeme wowote mdogo, ila inadai kupima damu kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo, kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi. Akipata homa au koo likamuuma, apimwe damu siku hiyo hiyo. Na kama anavuta sigara, daktari ajue: akiacha ghafla, klozapini hupanda mwilini na dozi lazima ipunguzwe.