Kamera ya zumu uliyopewa zawadi: usiipime kwa namba ya kwenye boksi

Msomaji wa Tabata ameandika hivi: "Kaka, shangazi yangu aliyeko Marekani kanitumia kamera, Canon PowerShot SX740 HS, zumu mara 40. Nimeenda nayo Feri kupiga meli. Picha za mbali zote zina chenga, nyingine zimetikisika. Simu yangu inapiga vizuri kuliko hii. Nimepewa mbovu?"

Karibu hakika ni nzima. Kamera hii ilitoka 2018 na tabia zake zinajulikana, nzuri na mbaya. Nitakayoeleza hapa yanawahusu pia wenye SX70 HS ya mara 65, Nikon P950 ya mara 83 na hata P1000 ya mara 125, kwa sababu zote zinatumia kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kutengeneza picha) cha ukubwa uleule na zote zinauzwa kwa ujanja uleule wa namba kubwa kwenye boksi.

"Mara 40" ni hesabu ya kugawanya tu. Lenzi inaanzia milimita 24 na kuishia 960, kwa kipimo cha kamera za zamani za filamu ya milimita 35. Gawanya 960 kwa 24, unapata 40. Namba hiyo haisemi picha itakuwa kali kiasi gani, wala lenzi inaingiza mwanga kiasi gani. Ukitazama maandishi kwenye pete ya lenzi yenyewe utaona 4.3 hadi 172. Huo ndio urefu wake halisi. Lenzi halisi ya milimita 960 haiingii mfukoni, kwa hiyo mtengenezaji ameweka kihisi kidogo sana, kama milimita 6.2 kwa 4.6, kidogo kuliko kucha ya kidole chako cha mwisho. Ukilinganisha eneo, kihisi cha kamera kubwa za kazi, kile cha milimita 36 kwa 24, kinakizidi hiki kama mara 30. Simu nyingi za bei ya juu siku hizi nazo zina kihisi kikubwa kuliko hiki kwenye kamera yao kuu. Ndiyo maana jioni sebuleni simu yako inaishinda zawadi ya shangazi. Usione ajabu, na usimlaumu shangazi.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi. Lenzi hii ikiwa haijavutwa, tundu lake la kuingizia mwanga ni f/3.3; namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Ukiivuta mpaka mwisho linabaki f/6.9. Mwanga unaoingia unapungua zaidi ya mara nne. Kwa hiyo pale unapohitaji kasi kubwa ya shata, yaani kile kinachofunguka na kufunga kuruhusu mwanga, kuliko wakati wowote, ndipo kamera inapokuwa na mwanga mdogo kuliko wakati wowote. Kamera ikiwa kwenye Auto inajiokoa kwa kupandisha ISO, yaani wepesi wa kihisi kuitikia mwanga, na ISO ikipanda kwenye kihisi kidogo zinakuja chenga. Isipoipandisha vya kutosha, shata inakuwa ya polepole na picha inatikisika. Malalamiko yako yote mawili yametoka hapo.

Hebu tupige hesabu ya meli yako. Zumu ikiwa mwisho, kwa umbali wa kilomita moja picha yote inachukua upana wa mita kama 36 tu. Hiyo ni pembe ya nyuzi mbili na kidogo. Mkono ukihama nusu nyuzi, umeshapoteza robo ya picha. Mafundi wa zamani walikuwa na kanuni: kasi ya shata isiwe chini ya moja juu ya urefu wa lenzi. Kwa milimita 960, hiyo ni 1/1000 ya sekunde. Kizuia mtikisiko cha ndani ya lenzi kinakuruhusu kushuka hadi 1/250, ukiwa na mkono mtulivu hata 1/125, lakini kwa kitu kilichosimama tu. Kizuizi hicho hakijui lolote kuhusu kunguru anayeruka.

Jua la Dar likiwa kali, anga safi, tundu f/6.9 na ISO 100, kasi sahihi inaangukia karibu 1/500. Ukitaka 1/1000, ISO iwe 200, na picha bado ni safi. Mawingu mazito ya masika yakifunika, unahitaji ISO 1600 kwa kasi hiyohiyo, na hapo manyoya ya ndege yanageuka uji. Kwa hiyo fanya hivi. Geuza kidude cha juu uweke Tv, ambapo wewe unachagua kasi ya shata, chagua 1/250 kwa vitu vilivyotulia na 1/1000 kwa vinavyokimbia. ISO iache ijiendeshe, ila iangalie kwenye kioo kabla ya kubonyeza. Ikivuka 800, rudisha zumu nyuma hadi karibu milimita 400 au 500, utapata tundu kubwa zaidi na mtikisiko mdogo. Picha ya milimita 400 iliyo kali, ukiikata baadaye kwenye kompyuta, mara nyingi inaizidi ya 960 iliyopigwa kwa kubahatisha.

Halafu kuna hewa yenyewe, ambayo watu wanaisahau kabisa. Kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, joto linapanda kutoka kwenye lami, mabati na maji, na hewa inacheza. Kwa macho huioni sana. Kwa zumu ya mwisho, meli iliyo ng'ambo inaonekana kama imechorwa kwenye pazia linalopepea. Hakuna kamera inayotibu hilo, hata ya milioni kumi. Piga kabla ya saa mbili asubuhi au jua linapoelekea kuzama, na piga baada ya mvua, kwa sababu mvua inaosha vumbi la hewani.

Pale Feri kuna la ziada. Asubuhi jua liko mbele yako, upande wa Kigamboni, kwa hiyo kila chombo kinakuwa kivuli cheusi. Vuka na kivuko alfajiri, upige majengo ya mjini kutokea Kigamboni yakiwa yamemulikwa na jua. Jioni fanya kinyume chake. Na kwa kuwa Feri iko jirani na Ikulu ya Magogoni, lenzi ndefu usiielekeze huko, wala kwenye eneo lolote la jeshi au polisi. Utaitwa, na maelezo ya "nilikuwa najaribu zawadi" hayasaidii sana. Hata wavuvi na wakaanga samaki waombe kwanza. Kuvuta sura ya mtu kutoka mita 100 bila yeye kujua ni adabu mbaya, kifaa kiwe cha bei gani.

Kitu cha kwanza kabisa kwenye menyu: zima zumu ya kidijitali. Hiyo haivuti chochote, inakata katikati ya picha na kuitanua. Ukiongeza mara nne za kidijitali juu ya zile 40, megapikseli zako 20 zinabaki kama moja na robo, na kamera inabuni zilizobaki. Kwenye kioo kuna mstari wa zumu wenye alama inayotenganisha lenzi na ukataji huo. Ukiizima, zumu itasimama pale lenzi inapoishia. Umbali mkubwa mno, kubali kwamba ni mkubwa mno.

Namna ya kushika nayo ina maana. SX740 haina tundu la kuchungulia, kwa hiyo watu huinyoosha mbele kama simu. Kwenye zumu ndefu hiyo ni kuomba mtikisiko. Bana viwiko mbavuni, egemea nguzo au ukuta, mkono wa kushoto uwe chini ya kamera. Bonyeza kitufe nusu, subiri mraba wa kijani, toa pumzi, malizia. Piga tatu kwa mfululizo; ya katikati kwa kawaida ndiyo kali. Ukiwa na stendi ya miguu mitatu, tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Na ukimpoteza ndege kwenye kioo, usihangaike kuzungusha kamera angani: shikilia kitufe cha kusaidia kulenga, zumu irudi nyuma, mpate tena, achia.

Sasa ukaguzi. Ufanye wiki ya kwanza, na mwambie shangazi asitupe risiti. Bandika gazeti lililofunguliwa ukutani, kivulini mchana, usogee kama mita 15, kamera kwenye stendi, zumu mwisho. Litajaza picha karibu lote. Kuza picha kwenye kompyuta usome herufi za pembe nne. Pembe zote zikififia kidogo kwa usawa, ni kawaida ya lenzi hizi. Pembe moja ikiwa na ukungu na nyingine tatu safi, lenzi imekaa upande, na hiyo ndiyo sababu halali ya kuirudisha. Rudia bila zumu mbele ya ukuta wa matofali usiopigwa plasta. Kisha weka f/8, piga anga tupu, utafute madoa yasiyohama. Hayo ni vumbi la ndani. Mwisho ivute na kuirudisha zumu mara kadhaa sehemu tulivu ukisikiliza. Mlio laini wa mota ni sawa. Ukisikia mkwaruzo, ni mchanga.

Kwa kuwa imetoka Marekani, yako mawili lazima uyashughulikie. Chaja yake ina pini mbili bapa. Soma nyuma: ikiandikwa INPUT 100-240V, 50/60Hz, inakubali volti 230 za kwetu na unahitaji adapta ya plagi tu. Ikiandikwa 120V peke yake, usiichomeke, itaungua. La pili watu wengi hawalijui. Video imewekwa kwenye NTSC, mfumo wa video wa Marekani, fremu 30 au 60 kwa sekunde, wakati umeme wetu ni wa hezi 50 na taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Matokeo yake ni mistari ya giza inayotembea kwenye kila video ya ndani. Ingia kwenye mipangilio ya mfumo wa video, badilisha kuwa PAL, fremu 25 au 50. Mistari itaondoka au itapungua sana. Ukiwa humohumo kwenye menyu, sahihisha saa na eneo la saa, la sivyo picha zako zote zitaonyesha saa zisizo zake.

Kadi: kwa video ya 4K nunua yenye alama ya U3, yaani namba 3 ndani ya herufi U. Kariakoo kadi feki ni nyingi. Kadi imeandikwa GB 128, ndani ina nane, na kamera inaendelea kurekodi bila kulalamika huku picha zikipotea. Kabla ya kwenda nayo kwenye harusi ya mtu, ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta uone kama inarudisha kila kitu. Ikifaulu, ifomati ndani ya kamera yenyewe. Betri ya pili ya aina ya NB-13L ni lazima. Kuhamisha picha kwenda kwenye simu kwa Wi-Fi ya kamera hakuli bando.

Ukumbini kwenye sendofu, sahau zumu. Nenda karibu, rudisha lenzi kwenye f/3.3, flashi inafika mita chache tu. Wanaowasha flashi jukwaani Uwanja wa Mkapa wanamulika vichwa vya waliokaa mbele yao. Mwezi, kwa upande mwingine, kamera hii inaupiga kuliko simu yoyote isiyochora mwezi yenyewe kwa programu: ISO 100, f/8, 1/200 kwa mwezi mpevu na karibu 1/50 kwa nusu, kwenye stendi, na bora mwezi ukiwa nusu kuliko mpevu, kwa sababu vivuli vya mashimo vinaonekana.

Kinachoua kamera hizi Dar ni unyevu na mchanga. Wapo wanaoirudisha kwenye boksi na kuiweka kabatini kama vyombo vya wageni. Gizani, kwenye joto na unyevu, fangasi wanaota kwenye vioo vya ndani na hawaondoki kwa kufuta. Itumie. Ukiihifadhi, iwe kwenye kontena la plastiki la mfuniko wa kubana pamoja na vipakiti vya silika, betri nje ikiwa na chaji nusu. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache ndani ya begi dakika 20 hadi 30 ipate joto, vinginevyo mvuke unaganda kwenye lenzi.

Coco Beach upepo ukivuma, usiivute zumu kabisa. Kila lenzi inapotoka na kurudi inavuta hewa ndani, na hewa ya pale ina chumvi na mchanga. Ikikwama na kuandika "Lens error", izime, toa betri, ielekeze chini, pulizia kwa kipulizio cha mpira kuzunguka pete. Usiilazimishe kwa mkono, gia zake ni ndogo na zinakatika. Usiipeleke kwa mwenye kompresa ya matairi, atausukuma mchanga ndani zaidi. Ikigoma, mpelekee fundi wa kamera na muulize bei ya kubadilisha lenzi nzima kabla hajafungua skrubu hata moja.